Kuyeyusha, Kumumunyisha na Kuchuja: Istilahi za Kutenga Metali

Utangulizi

Makala hii inajadili namna Kiswahili kinavyoweza kueleza kazi ya kutenga metali iliyomo katika asidi. Jambo hili si geni katika eneo la Thika na Ruiru. Viwanda vya ngozi vya Thika hutumia chumvi za kromiamu katika maji yenye asidi. Metali imo majini, ingawa jicho haliioni ikiwa metali. Hata hivyo, mfano bora zaidi unapatikana katika migodi ya shaba ya Kolwezi na Fungurume, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili pia huzungumzwa.

Kazi yenyewe

Mawe yenye madini, yaani mbale, husagwa na kutiwa asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Shaba huingia katika asidi hiyo pamoja na chuma na kobalti. Mmumunyo huo hukorogwa na mafuta jamii ya mafuta ya taa, yaliyotiwa kemikali inayoichagua shaba. Kemikali huishika shaba na kuachia haidrojeni majini. Kobalti na sehemu kubwa ya chuma husalia. Mchanganyiko ukitulia, mafuta huelea juu ya maji. Kisha mafuta hayo hukutanishwa na asidi kali zaidi, nayo huitwaa shaba. Hatimaye umeme huigandisha shaba kwenye mabamba, ilhali mafuta hurudishwa kazini. Njia hii ilianza kutumika kibiashara kwa shaba mwaka wa 1968 huko Arizona, Marekani. Mgodi wa Tenke Fungurume ulianza kuzalisha shaba mwaka wa 2009.

Uchambuzi wa istilahi

Ni rahisi kuijumlisha kazi hii kwa vitenzi kuyeyusha na kuchuja. Vyote viwili vinapotosha. Kuyeyusha humpeleka msikilizaji kwenye tanuri, na shaba hupatikana kwa njia hiyo pia. Peremende kinywani haihitaji moto: humumunyika. Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kumumunyisha. Kuchuja nako hudai chujio na machicha, ilhali hapa kiowevu hupokea kutoka kwa kiowevu kingine. Mafuta huiopoa shaba majini. Asidi kali huipokonya mafuta. Hatua zote kwa jumla ni kuzidua.

Tofauti hizi si za madoido. Kwenye birika la kumumunyishia, hatari kuu ni asidi. Kwenye birika la mafuta, ni moto. Kibandiko kikisema "kuyeyusha" penye asidi, hadhari ya mfanyakazi huelekezwa pasipo pake.

Hitimisho

Istilahi haikamiliki kamusini. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kiko Juja, baina ya Ruiru na Thika, na kemia hufundishwa humo. Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuyapeleka maneno haya kwa mwanakemia na kwa mtengenezaji ngozi, ayasikilize yakitumika, na kuliacha lile litakalomkwaza mwenye kazi.