Swali na jibu: Amplifaya inayounguruma na kuunguza fyuzi

Swali: Amplifaya ya vipaza sauti vya shule yetu hapa Mashewa, Korogwe, ilianza kwa kuunguruma, na sasa inaunguza fyuzi kila inapowashwa. Tubadilishe vipuri gani?

Jibu: Mngurumo usiopungua hata sauti inapoteremshwa hadi mwisho kwa kawaida hutokana na kapasita kubwa za ugavi wa umeme, yaani vipuri vinavyohifadhi chaji na kusawazisha mkondo uliokwisha kupita kwenye diodi, ambavyo hudhoofika kwa joto na umri. Kapasita mpya iwe na mikrofaradi zilezile, volti zisizopungua za awali, na ncha zake za chanya na hasi zisipishanishwe.

Fyuzi inayoungua papo hapo mara nyingi huashiria diodi au transista za nguvu, zile zinazosukuma spika, kuwa zimepiga shoti. Transista hizo hubadilishwa kwa jozi, pamoja na kikinga cha maika na grisi ya kupitisha joto, huku vipinga vilivyoungana nazo vikipimwa.

Kabla ya kazi, plagi ichomolewe na kapasita ziondolewe chaji kupitia kipinga. Baada ya matengenezo, balbu ya nyuzi ya wati 100 iunganishwe kwa mfululizo na umeme wa volti 230: ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, hitilafu ingalipo. Kuweka fyuzi kubwa zaidi si tiba, kwani huhatarisha transfoma na kuweza kusababisha moto.