Tambi za Ijumaa: Somo Lisilokuwamo Kwenye Logbuku

Wanachuo wenzangu, hasa mnaosubiri barua za fildi, makala haya ni yenu. Mtafundishwa namna ya kujaza logbuku na namna ya kuandika ripoti. Hakuna atakayewafundisha namna ya kuagiza chakula cha ofisi nzima, na siku moja kazi hiyo itawaangukia. Mimi iliniangukia wiki ya tatu.

Ofisi niliyokuwa nafanya fildi iko Posta, Dar es Salaam. Kila Ijumaa watu huchanga, chakula kinaletwa, wanakula pamoja. Wiki ya kwanza ilikuwa biriani, ya pili chipsi kuku. Wiki ya tatu mhasibu akasema amechoka, safari hii tujaribu ule mgahawa wa Kiasia wa tambi. Wote wakanigeukia. "Dogo, wewe si msomi? Chukua oda."

Nikachukua kalamu. Moyoni nilikuwa napiga hesabu ya nauli, maana bumu lilishakata zamani. Nikajiandikia sahani ya bei ya chini kabisa, tambi za mchele na mboga. Dada wa mapokezi akaniambia, "Mimi nichagulie chochote cha supu. Ila mdogo wangu, ulizia, isije ikawa na kitimoto."

Nikaipitia menyu kwenye simu. Nikaona tonkotsu ramen. Maelezo yalisema yai, majani ya kitunguu, kuku. Neno nguruwe sikuliona popote. Nikaagiza.

Kwanza tujue tambi ni nini

Mimi nilikua nikijua tambi za aina mbili. Za bibi, zinazopikwa kwa tui la nazi, sukari na iliki wakati wa mfungo, na zile za pakiti ambazo zimewaokoa wengi wetu hosteli usiku wa kuamkia mtihani. Kumbe ukoo ni mkubwa.

Tambi ni unga na maji, lakini unga gani ndiyo hoja. Ngano ina gluteni, ile inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Udoni za Japani ni za ngano, nene na laini. Mchele hauna gluteni, ndiyo maana tambi zake, kama za pho ya Vietnam au pad thai ya Thailand, zina ulaini wa namna nyingine na hukatika upesi. Na si lazima iwe ngano wala mchele. Mwaka 2005 watafiti walitangaza bakuli la tambi lililofukuliwa Lajia, kaskazini-magharibi mwa China, lenye umri wa miaka ipatayo 4,000. Walieleza kwamba tambi zile zilitengenezwa kwa nafaka ndogo za jamii ya uwele.

Ramen, iliyokuja Japani kutokana na tambi za Kichina, ni ya ngano pia, ila ina siri moja ambayo bibi yangu angeitambua mara moja. Donge lake hutiwa chumvichumvi za jamii ya magadi. Ndiyo, ndugu yake yule yule magadi tunayotia kwenye maharage yalainike. Kwenye maharage magadi hulainisha, kwenye ngano hukaza gluteni, na tambi inapata rangi ya manjano na ule mnato wa kurudi ukiivuta. Nilipomweleza mhasibu hivyo akacheka, "Kwa hiyo nimelipa hela yote hiyo kula magadi?"

Kwa nini supu huja peke yake

Bodaboda alifika saa saba kasoro, na mfuko mbadala kila mkono. Tukafungua. Tambi zilikuwa kwenye chombo chake, supu kwenye kingine. Kaka wa kompyuta akadhani tumepunjwa. Hatukupunjwa. Tambi iliyoiva ikikaa ndani ya supu ya moto huendelea kunywa maji. Wanga unavimba, tambi inalegea, supu inapungua. Ikitoka jikoni hadi Posta na foleni ya Ijumaa, ungefungua uji. Kwa hiyo wanakutengea, nawe unamimina ukiwa tayari kula. Tambi zikiwa zimeshikana kama kamba, usizivute kwa nguvu. Mimina supu ya moto, subiri kidogo, zitaachiana zenyewe.

Tambi za pakiti zinatumia akili hiyo hiyo kwa kinyume. Momofuku Ando alipozitoa Japani mwaka 1958, tambi zilizopikwa zilikaangwa kwenye mafuta hadi maji yakatoka na kuacha vitundu vidogo vidogo. Ukimwaga maji ya moto, yanaingia kwenye vitundu hivyo na dakika chache baadaye unakula. Ndiyo sababu za hosteli huiva haraka kuliko makaroni.

Tulipofika kwenye supu

Dada wa mapokezi akamimina supu yake. Ilikuwa nyeupe, nzito. "Jamani, kumbe na wao wanatia nazi!" akasema kwa furaha. Akachovya kijiko.

Msimamizi wangu, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, akauliza, "Hiyo ni supu ya nini?"

"Ya kuku, mama," nikajibu.

"Uliuliza?"

"Imeandikwa kuku."

"Sijauliza imeandikwa nini. Nimeuliza kama uliuliza. Mwanangu, shusha kijiko kwanza," akamwambia dada. Kisha kwangu, "Piga simu."

Nikapiga mbele ya watu wote. Kuku ni nyama ya juu tu, wakanijibu. Supu ni mifupa ya nguruwe.

Baadaye nilijifunza kwamba jibu lilikuwa kwenye jina tangu mwanzo. Kwa Kijapani *ton* ni nguruwe na *kotsu* ni mfupa. Mifupa huchemshwa kwa saa nyingi hadi uboho na mafuta vichanganyike na maji, na hapo supu inageuka nyeupe. Ule weupe uliomfurahisha akidhani ni tui, ndio uliokuwa mifupa yenyewe.

Kijiko kilikuwa kimelowa, mdomoni hakikufika. Nilitamani sakafu ipasuke. Nikamsogezea tambi zangu za mboga. Safari hii nikakumbuka kuuliza kwanza. Nikapiga tena, wakasema karai ni moja kwa vyote. Naye akasema basi, asante.

Akashuka kwa mama ntilie getini, akarudi na chapati mbili na maharage. Nikamfuata na noti yangu ya mwisho nikitaka kulipa. "Weka, hiyo nauli yako," akasema. Halafu akanitazama usoni. "Mdogo wangu, mimi sikukuomba usome. Nilikuomba uulize."

Hakunikasirikia, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Alikuwa ameniamini kwa jambo ambalo kwake si la ladha, ni la dini. Mimi nikalifanya kama swali la kuchagua jibu: neno silioni, basi halipo. Na ukweli niuseme, nilikuwa naogopa kupiga simu nikaonekana mshamba asiyejua majina ya vyakula.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuagiza

Haya ndiyo ninayouliza sasa. Yanakili.

1. Supu imechemshwa na nini? Nyama ya juu si ushahidi. Hata shoyu ramen, ambayo jina lake linataja sosi ya soya tu, inaweza kuwa na mifupa ya kuku au ya nguruwe.

2. Kuna karanga? Pad thai kwa kawaida hunyunyiziwa karanga, na kwa mwenye mzio, karanga chache zinaweza kumpeleka hospitali.

3. Kuna samaki, kamba au chaza kwenye sosi? Sahani ya mboga inaweza kuwa imetiwa sosi ya samaki, na supu nyingi za Kijapani huanza na samaki mkavu.

4. Kuna pombe? Mirini, kiungo cha kawaida cha Kijapani, ni mvinyo mtamu wa mchele.

5. Karai na mafuta ni vya pamoja? Usiache swali hili mpaka mtu ameshika kijiko.

Na kabla ya kuwauliza wa mgahawani, waulize wa ofisini: nani hali nini? Uliza wote, kwa sauti ile ile, ili asiwepo wa kujiona anasumbua.

Ijumaa iliyofuata nilijua kazi hiyo nimenyang'anywa. Saa nne hivi, dada wa mapokezi akapita mezani kwangu, akaweka karatasi na kalamu. "Wanataka tena za Kiasia," akasema. "Chukua oda. Na leo simu unapigia hapa kwangu, nasikiliza."

Nikapiga. Niliuliza maswali yote matano, mengine mara mbili. Yule wa upande wa pili alianza kuchoka, lakini alijibu: kamba wa kukaanga na tambi za mchele, karai la peke yake, mafuta mapya. Dada akatikisa kichwa kukubali.

Alikula zote. Kisha akanionyesha namna ya kushika vile vijiti, maana kumbe wiki nzima alikuwa akijifunza nyumbani kwa penseli mbili.