Dondoo Muhimu: Kulitambua Ua la Arabis alpina
Wakazi wa Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, hawalioni ua hili kwao, kwa kuwa humea penye baridi, kuanzia Aktiki hadi Kilimanjaro na Mlima Kenya; anayepanda milima hiyo azingatie yafuatayo:

1. Ahesabu petali, ambazo ni nne, nyeupe, zilizopangwa kimsalaba, kwani mmea huu ni wa jamii ya kabichi.
2. Asilichanganye na helikrisamu nyeupe, ambazo vipande vyake vinavyofanana na petali ni vingi na vikavu kama karatasi.
3. Achunguze majani kwa lenzi, aone vinyweleo vyenye matawi.
4. Alitafute kwenye nyufa za miamba zenye unyevu.
5. Asiling'oe, apige picha tu.