KULEA YATIMA NA KUHIFADHI NASABA YAKE: TAKWIMU, TAFITI NA HUKUMU

Utangulizi

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyezaliwa hali ya kuwa baba yake ameshafariki, akafiwa na mama akiwa na miaka sita, akalelewa na babu yake Abdul-Muttalib hadi alipofikisha miaka minane, kisha akachukuliwa na ami yake Abu Talib. Qur-an (93:6) inamkumbusha neema hiyo ya kupatiwa makazi alipokuwa yatima.

Amma baad. Ndugu msomaji, kila mwaka tunapoandikisha wanafunzi wapya, ziko nafasi mbili katika fomu ambazo huwafanya baadhi ya wazee wasite kalamu mkononi: jina la baba na jina la mlezi. Wako wanaojaza jina lao wenyewe katika nafasi zote mbili, ilhali mtoto ni wa ndugu yao marehemu. Hawakusudii ubaya. Wanaona ndiyo mapenzi, mtoto asijihisi mgeni. Katika somo hili tutaona kwa nini Uislamu umehimiza sana kumlea mtoto huyo na wakati huo huo umekataza kumvua jina la baba yake. Pia tutaangalia takwimu na tafiti za ulimwengu juu ya jambo hilo.

Maana ya maneno

Kwanza tupambanue maneno manne ambayo watu huyachanganya.

(a) Yatima: Katika sheria ya Kiislamu ni mtoto aliyefiwa na baba kabla hajabaleghe. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yanamhesabu kuwa yatima mtoto wa chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Tusisahau tofauti hii tutakaposoma takwimu.

(b) Kuasili mtoto: Ni kumfanya mtoto wa mwingine kuwa mtoto wako kisheria kwa amri ya mahakama. Haki na wajibu wa wazazi waliomzaa hukatika na kuhamia kwako. Kwa Kiarabu huitwa tabannii.

(c) Malezi ya kambo: Kwa lugha ya maofisa wa ustawi wa jamii, ni familia kumpokea mtoto na kumlea kwa muda, kwa kibali na chini ya usimamizi wao. Mtoto hubaki mtoto wa wazazi wake.

(d) Kafala: Ni kuchukua dhamana ya kumlisha, kumvisha, kumsomesha na kumlinda mtoto bila ya kubadili nasaba yake. Neno hili linatokana na mzizi uliotumika katika Qur-an (3:37) pale Nabii Zakariya (a.s.) alipopewa jukumu la kumlea Maryam.

Takwimu zinasemaje?

Shirika la UNICEF lilikadiria kuwa mwaka 2015 dunia ilikuwa na mayatima karibu milioni 140, na kati yao takriban milioni 52 wakiwa Afrika. Mtu akisikia hesabu hiyo hudhani ni watoto milioni 140 wasiokuwa na mtu. Sivyo. Waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa takriban milioni 15. Wengine wote, yaani karibu milioni 125, walikuwa wamebakiwa na mzazi mmoja. Basi yatima wengi tunaowazungumzia wana mama mjane, na mara nyingi njia iliyo karibu zaidi ya kumsaidia yatima ni kumsaidia mama yake asishindwe kuishi naye.

Ni wangapi wamo katika makao ya watoto? Makadirio ya UNICEF ya mwaka 2017 yalitaja watoto wapatao milioni 2.7 duniani. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2020 ulifikia milioni tano na zaidi, kwa kuwa nchi nyingi hazina kumbukumbu kamili. Na shirika la Save the Children lilieleza mwaka 2009 kwamba angalau watoto wanne katika kila watano waliomo katika makao hayo wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Mara nyingi kinachowafikisha huko ni umasikini wa familia.

Hapa Tanzania, Tafiti za Demografia na Afya zinazofanywa kila baada ya miaka michache zimeonyesha kuwa zaidi ya mtoto mmoja katika kila kumi haishi na baba wala mama, na wengi wa watoto hao wazazi wao wako hai. Wanaishi kwa bibi, kwa shangazi, kwa mjomba, kwa kaka mkubwa. Jambo hili hatuhitaji kulitafuta vitabuni. Tukihesabu nyumba za mtaa wowote hapa Mtendeni, tutakuta bibi analea wajukuu.

Kuhusu kuasili watoto kutoka nchi moja kwenda nyingine, mwelekeo umegeuka kabisa. Kilele kilikuwa mwaka 2004, ambapo watoto wapatao 45,000 walihamishwa kwa njia hiyo, karibu 23,000 kati yao wakienda Marekani. Kufikia mwaka 2022 Marekani ilipokea chini ya 2,000. Kenya ilisimamisha utaratibu huo mwaka 2014, Ethiopia ikaupiga marufuku mwaka 2018, na mwaka 2024 China ilitangaza kuufunga isipokuwa kwa ndugu wa damu. Miongoni mwa sababu zilizotolewa katika nchi mbalimbali ni karatasi za uongo, biashara ya watoto, na watoto kukatwa na asili yao.

Tafiti zimegundua nini?

Utafiti unaotajwa sana ulifanyika Bucharest, Romania, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watafiti walichukua watoto wadogo 136 waliokuwa katika makao ya serikali. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kulelewa katika familia na nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya makao. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na katika kujenga mapenzi na mlezi. Na waliopata familia kabla ya kufikisha miaka miwili hivi walinufaika zaidi kuliko waliochelewa. Mtoto mchanga anahitaji uso mmoja anaoujua, si zamu za wafanyakazi.

Lakini uko utafiti mwingine ambao haifai kuuficha. Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani kilifuatilia zaidi ya watoto 2,800 wa miaka 6 hadi 12 walio yatima au waliotengana na wazazi, katika nchi tano: Kambodia, India, Ethiopia, Kenya na Tanzania (eneo la Moshi). Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa watoto wa makao hawakuwa na hali mbaya zaidi kiafya na kiakili kuliko wale waliolelewa majumbani na wasio wazazi wao. Kwa jumla hali yao ilikuwa nzuri zaidi. Na tofauti kubwa ilikuwa baina ya mtoto na mtoto ndani ya mazingira ya aina moja.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba kuwa na paa la ndugu hakutoshi. Wako watoto wanaoitwa kijijini kwa jina la "mtoto wa ndugu yangu, nakuja kumsomesha", wakifika mjini wanakuwa watumishi wasiolipwa. Wanaamka wa kwanza kuteka maji, wanalala wa mwisho, na shuleni hawaonekani. Watoto wa nyumba wanakula mezani, yeye anakula jikoni. Huyo mwenye nyumba asijihesabu kuwa amemlea yatima. Qur-an (93:9) inakataza kumwonea yatima, na Suratul-Maa'un (107:1-2) inamtaja anayemsukuma yatima kuwa ni miongoni mwa wanaoikadhibisha dini.

Kisa cha Zayd bin Haritha (r.a.)

Zayd alitekwa akiwa mtoto, akauzwa katika soko la Ukaz, akanunuliwa kwa ajili ya bibi Khadija (r.a.), naye akampa Mtume (s.a.w.). Baba yake, Haritha, alimtafuta mpaka akamfuata Makka kumkomboa. Mtume (s.a.w.) alimpa Zayd hiari ya kuchagua, naye akachagua kubaki. Hapo Mtume (s.a.w.) akamtangaza mbele ya watu kuwa ni mwanawe, kama ilivyokuwa desturi ya Waarabu, na watu wakawa wanamwita Zayd bin Muhammad.

Kisha zikashuka aya za Suratul-Ahzab (33:4-5), zikiamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, na wasiojulikana baba zao wahesabiwe kuwa ni ndugu katika dini. Akarudi kuwa Zayd bin Haritha. Je, mapenzi yalipungua? Hapana. Alikuwa kiongozi wa jeshi la Waislamu siku aliyokufa shahidi huko Mu'ta mwaka wa 8 Hijria, na ndiye sahaba pekee aliyetajwa kwa jina lake katika Qur-an (33:37).

Sisi watu wa Tabora tuna sababu ya kuizingatia aya hii zaidi. Mji wetu ulikuwa kituo kikuu katika njia ya misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji. Katika karne ya 19 watoto wengi walipitishwa hapa katika utumwa, wakapewa majina mapya na waliowamiliki, na majina ya baba zao yakapotea njiani. Utumwa ulifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, lakini majina yale hayakurudi. Aya hiyo ya tano imewapa watu wa namna hiyo heshima kamili ya undugu. Lakini pale jina la baba linapojulikana, sisi tuna udhuru gani wa kulifuta kwa kalamu yetu?

Hukumu za kuzingatia

1. Jina. Mtoto aitwe na aandikwe kwa jina la baba yake. Jina lako liandikwe kwenye nafasi ya mlezi.

2. Mirathi. Mtoto wa kulea harithi kwa sababu ya kulelewa tu. Vilevile mjukuu aliyefiwa na baba yake huzuiliwa katika mirathi ya babu wakiwepo ami zake. Kwa hiyo, babu mwenye mapenzi asingoje mauti. Ampe zawadi akiwa hai, au aandike wasia usiozidi theluthi moja ya mali yake. Wapo wajukuu waliolala na babu yao miaka kumi na kuondoka nyumbani mikono mitupu kwa kukosa karatasi moja.

3. Umaharimu. Kulea peke yake hakumfanyi mtoto kuwa maharimu. Akinyonyeshwa kabla ya kutimiza miaka miwili, kwa madhehebu ya Imam Shafi (r.a.) kunyonya mara tano, huwa mtoto wa kunyonya (rejea Qur-an 4:23). Vinginevyo, adabu za sitara zitafuatwa akibaleghe.

4. Uwalii. Mlezi hawi walii wa ndoa kwa kulea. Binti aliyefiwa na baba huozeshwa na babu mzaa baba, kisha kaka, kisha ami kwa utaratibu wake. Mjomba aliyemlea tangu utoto si walii. Binti aliyeandikwa jina lisilo la baba yake huleta mashaka siku ya nikaha.

5. Mali ya yatima. Isichanganywe kwa nia ya kuila (Qur-an 4:2 na 4:10). Akipevuka na kuonekana ana busara, akabidhiwe mbele ya mashahidi (4:6).

Sheria za nchi

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, umeitaja kafala kwa jina katika kifungu cha 20 kuwa ni njia mojawapo ya malezi. Zanzibar imeitambua katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2011, na Kenya katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Tanzania Bara tunatumia Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, yenye utaratibu wa malezi ya kambo na wa kuasili. Malezi ya kambo, kwa kuwa hayaondoi nasaba, ndiyo yaliyo karibu zaidi na kafala. Anayetaka kumchukua mtoto asiye ndugu yake aanzie kwa afisa ustawi wa jamii, wala asimchukue mtoto kwa makubaliano ya mdomo tu.

Hitimisho

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye kumlea yatima atakuwa karibu naye Peponi kama vidole viwili vilivyo karibu. Ukaribu huo unapatikana kwa sahani, daftari, dawa na maneno mazuri ya kila siku. Wazee wetu, mkija kuandikisha watoto, leteni jina la baba bila haya. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akiitwa kwa jina la marehemu baba yake, msimcheke. Hiyo ni amana aliyohifadhiwa.

Maswali ya zoezi

1. Taja tofauti tatu kati ya kafala na kuasili mtoto.
2. Kwa nini idadi ya yatima milioni 140 haimaanishi watoto wasio na mzazi yeyote?
3. Tafiti za Bucharest na Duke zinatofautiana wapi, na zote mbili zinamfundisha nini mlezi?
4. Babu ana mjukuu yatima na watoto wa kiume walio hai. Afanye nini ili mjukuu apate sehemu ya mali yake?
5. Waulize wazee nyumbani: ni nani katika ukoo wenu aliyelelewa na asiye mzazi wake, na jina kamili la baba yake ni lipi? Liandike.

Wabillahi tawfiq.