Dondoo muhimu: Kupiga picha vijiani Lushoto
Toka alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Ikifika saa nne jua ni kali na picha zinapauka. Futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba, si kwa kidole chenye mafuta ya chapati. Kinyonga mtafute kwenye ncha za matawi. Usimhamishe! Piga magoti wewe, kamera ilingane na macho yake. Sisi tuliokulia shambani, tukilinda mahindi yasiliwe na ngedere, kazi hii tulishafunzwa: kukaa kimya na kulitazama jani moja linalotikisika pasipo upepo. Ukifika kwenye shamba la mtu, piga hodi kwanza. Vaa viatu vyenye soli ya meno. Njia za msitu wa Magamba huteleza mvua ikinyesha.