Siri ya Mgonjwa Njiani: Kutoka Kitambulisho hadi Ufunguo wa Hadhara

Barua ya Tabora iliyokwenda Bagamoyo kwa msafara ilitegemea lakiri na uaminifu wa mbebaji. Tuseme leo majibu ya maabara ya mgonjwa wa Kitete yanatumwa Muhimbili kwa intaneti. Kuyasimba ili yasisomeke hakutoshi. Mwizi aweza kuubadili kidogo ujumbe uliosimbwa, akautuma upya, akatazama kama mpokeaji anaukubali au anaukataa. Akirudia mara nyingi, katika mifumo dhaifu huipata siri bila kuuona ufunguo.

Mwaka 2004 Ran Canetti, Shai Halevi na Jonathan Katz walionyesha kinga, wakijengea juu ya usimbaji wa kitambulisho, wazo la Adi Shamir la mwaka 1984, ambamo jina lolote laweza kuwa ufunguo wa kufungia. Mpokeaji hushika ufunguo mkuu. Mtumaji huunda saini ya kutumika mara moja tu. Ufunguo wa kuihakiki saini hiyo (na hapa ndipo penye werevu) huufanya ndilo “jina” la kusimbia, kisha huutia saini ujumbe uliosimbwa. Mpokeaji huhakiki saini kwanza. Ikiwa sahihi, hutoa katika ufunguo mkuu ufunguo wa jina hilo pekee, akafungua.

Mwizi akigusa herufi moja, saini haikubali. Akitia saini yake mwenyewe, jina limebadilika, na ufunguo wa jina jipya haufungui cha jina la kwanza. Jibu lolote atakalopata halimwambii kitu juu ya mgonjwa yule.