Kabla Televisheni Haijafunguliwa, Omba Picha ya Majaribio

Tuchukulie mtumiaji mmoja wa Lyamkena, mjini Makambako, ambaye picha ya televisheni yake inakatika vipande vya miraba. Anaipeleka kwa fundi, inafunguliwa, vipuri vinabadilishwa, naye analipa. Akirudi nyumbani anakuta miraba ingali pale pale, kwa kuwa hitilafu ilikuwa katika waya wa antena. Hasara ya namna hii inaepukika kwa kipimo kimoja.

Kifaa cha fundi

Kipo kifaa kidogo kinachotoa mawimbi ya majaribio. Fundi hukiunganisha na televisheni mahali pa king'amuzi, nacho huleta picha ambayo ubora wake unajulikana. Kwa kuwa picha hiyo haitoki angani, kasoro itakayoonekana ni ya televisheni au ya waya uliotumika kuunganisha.

Kila picha ina kazi yake. Mistari minane, yaani nyeupe, njano, samawati, kijani, zambarau, nyekundu, buluu na nyeusi, hupima rangi. Mistari iliyokatizana kama wavu huonyesha iwapo picha imepinda, hasa kwenye televisheni za chogo. Kioo kilichojaa rangi moja tupu hufichua madoa, jambo la kuzingatia unaponunua televisheni iliyotumika.

Kipimo cha nyumbani

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012. Katika mfumo wa dijitali, mawimbi dhaifu hayaleti chenga. Huleta miraba, picha iliyoganda, au kukosekana kwa picha kabisa. Menyu ya king'amuzi, kwa upande wake, huchorwa na king'amuzi chenyewe. Kwa hiyo ifungue menyu hiyo na uitazame kwa makini:

1. Menyu ikiwa safi lakini chaneli zinakatika, kagua antena au dishi, waya na viungio vyake. Muulize na jirani anayetumia huduma hiyo hiyo. Akiwa na tatizo kama lako, huenda chanzo kiko kwa mtoa huduma.

2. Menyu nayo ikiwa na kasoro, badilisha waya unaounganisha king'amuzi na televisheni, kisha jaribu king'amuzi hicho kwenye televisheni nyingine.

3. Picha ikikosa rangi nawe unatumia waya wa njano, hakikisha king'amuzi na televisheni vimewekwa kwenye mfumo mmoja, PAL, wala si NTSC.

Usifungue televisheni wewe mwenyewe. Televisheni ya chogo huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Haki yako kwa fundi

Mwombe fundi akuonyeshe picha ya majaribio kabla ya kufungua televisheni, na tena baada ya matengenezo. Asiye na kifaa hicho anaweza kutumia king'amuzi kingine kilichothibitika kuwa kizima. Kubalianeni gharama mapema, dai stakabadhi, na omba kurudishiwa vipuri vilivyotolewa.

Ikibainika kwamba tatizo ni la huduma ya matangazo, wasilisha malalamiko kwanza kwa mtoa huduma wako na utunze kumbukumbu zake. Usiporidhika na majibu, yalete kwetu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).